Siku Mama Trekta Alipokaa Kitako

Watoto wa Mama Trekta walimhukumu mama yao kupumzika. Kesi waliisikiliza wenyewe kwa wenyewe kwenye simu, hukumu wakaipitisha palepale, na mshtakiwa hakuitwa hata kujitetea, kwa sababu saa hiyo alikuwa shambani anapalilia maharage.

Kosa lenyewe halikuwa na ubishi. Mwanawe wa kwanza, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Mkubwa ingawa sasa alikuwa na kitambi na watoto wake mwenyewe, alikuja siku moja bila taarifa akamkuta mama yake juu ya banda la ng'ombe. Si kando ya banda, juu yake. Misumari mdomoni, nyundo mkononi, anapigilia bati lililonyanyuliwa na upepo. Mkubwa akapiga kelele mama ashuke. Mama akajibu kwa mguno, maana mwenye misumari mdomoni hana jibu lingine, akageuka amwone vizuri huyo anayemkaripia, mguu ukateleza, akaporomoka mpaka kwenye rundo la nyasi za ng'ombe. Hakupata hata mchubuko. Alitema misumari kiganjani, akajikung'uta, akamuuliza mwanawe kama amekula. Lakini Mkubwa alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, na akilini mwake mama alikuwa ameshazikwa na wageni wameshatawanyika.

Jina la Trekta hakujipa mwenyewe. Mwaka fulani mumewe alikodi trekta la kulima shamba la bondeni. Trekta likaahidi kuja asubuhi, likachelewa kama ilivyo kawaida ya vitu vya kukodi. Mama akasema si vibaya, wakati linakuja yeye atalipunguzia kazi kidogo. Lilipofika jioni likinguruma na kufuka moshi, dereva alikuta shamba limelimwa lote hadi mpakani, na mama amesimama na birika la chai anampa pole ya safari. Dereva akanywa chai, akageuza. Tangu siku hiyo kijiji kizima kikamwita Mama Trekta, na wenye maneno yao wakaongeza kwamba tofauti ni moja tu, trekta lina breki.

Basi Mkubwa na dada yake, aliyeitwa Mwalimu kwa kuwa alikuwa mwalimu kweli na hata mezani aliongea kama anaandika ubaoni, walimpa mama yao njia mbili achague. Ama aletewe msaidizi wa kazi, yeye akae apumzike, ama ahamie mjini kwa Mkubwa, ghorofa ya tatu. Ghorofa hiyo Mama Trekta aliijua. Aliwahi kwenda huko kutembea, akafua mapazia yote ya nyumba, yalipokwisha akagonga mlango wa jirani kuomba ya kwake. Kuhamia mahali ambapo hata kitunguu ukitaka kukipanda lazima ukitafutie kopo, hilo hapana. Akachagua msaidizi, huku akijiambia kimoyomoyo kwamba msaidizi ni mtu tu, na mtu anazungushika.

Msaidizi akaja na begi moja na ulimi mwepesi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye viganja vya kuonyesha kwamba jembe na yeye wanafahamiana. Nyumba nzima ilimwita Dada, kama wanavyoitwa wengi wa kazi yake. Hata mume wa Mama Trekta, mzee wa kumzaa, alimwita Dada. Mama peke yake ndiye aliyemwita binti.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba ile siku ya tatu mgeni aliliomba jembe mwenyewe, akanyimwa.

Si kwamba Mama Trekta alikuwa na roho mbaya. Alikuwa hajui tu namna ya kumwachia mtu kazi. Dada aliamka jogoo alipowika, akakuta uwanja umefagiliwa, moto umewaka, ng'ombe amekamuliwa na chai iko mezani imefunikwa. Akaambiwa karibu chai, binti. Kesho yake akaamka kabla ya jogoo, akakuta yaleyale. Keshokutwa akalala na nguo zake za kazi ili asipoteze muda kuvaa, akatoka nje gizani akipapasa ukuta, akaushika ufagio. Ufagio ukakataa kuja. Upande wa pili ulikuwa umeshikwa na Mama Trekta. Wakavutana pale bila maneno, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake, mpaka mume akauliza kutoka ndani kama kuna mwizi.

Huyo mume, Fundi, alikuwa fundi cherehani, mtu aliyekaa kitako maisha yake yote kwa haki kabisa, kwa kuwa nguo haishonwi kwa kusimama. Yeye hakuona tatizo. Aliona tu kwamba msaidizi anazidi kunenepa. Na kweli Dada alikuwa ananenepa, kwa sababu Mama Trekta alimlisha kama mtu aliyejifungua juzi. Akikataa kula anaambiwa anaringa, akila anaongezwa.

Lakini jioni kulikuwa na kazi moja ambayo Mama Trekta hakuweza kumnyima, kwa sababu hakuweza kumfukuza jikoni. Walikaa wote wawili kwenye vigoda kumenya maharage, na hapo ndipo mabishano yalipoanza. Dada alisema maharage huwekwa chumvi mwishoni. Mama akasema anayeweka chumvi mwishoni hakulelewa. Dada akasema yeye amelelewa na bibi yake, na huyo bibi mpaka leo ana meno yote, kwa hiyo ana haki ya kuzungumzia maharage. Mama akataka kujua meno yanaingiaje kwenye chumvi. Walibishana juu ya namna ya kufunga kuni, juu ya dawa ya viroboto, juu ya kama paka anajua jina lake. Fundi chumbani alisikia mkewe akicheka, akasimamisha cherehani asikilize vizuri. Watoto walipoondoka nyumba ile ilikuwa imebaki na mlio wa cherehani na mlio wa jembe, na hivyo viwili havina mazungumzo.

Kila Jumapili simu iliita. Mkubwa aliuliza mama anafanya nini. Mama, jembe begani, alijibu kwamba amekaa tu, mwanangu. Mkubwa akauliza mbona anahema. Akasema alikuwa anacheka. Na mbona anasikia ng'ombe karibu namna hiyo? Mama akasema ng'ombe naye amekuja kupumzika. Mkubwa, ambaye kazi yake mjini ilikuwa msimamizi wa ghala la saruji na alikuwa amezoea kudanganywa na watu wanaohema, akaomba apewe Dada. Aliongea naye kwa muda mfupi. Dada aliitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, akairudisha simu kwa mikono miwili, akaenda kusimama nyuma ya banda.

Mama Trekta alimfuata na ndoo, kwa sababu hakujua kwenda mahali bila kitu mkononi.

"Amesema anakuja Jumamosi na dada yake," Dada akamwambia bila kugeuka. "Akikukuta umeshika kitu chochote zaidi ya kikombe cha chai, nifunge mzigo."

Mama akasema mwanawe ana maneno mengi tangu utotoni, asimjali.

"Mama, wewe utapoteza nini? Atakugombeza, utampikia, yataisha. Mimi nina mtoto. Yuko kwa bibi yangu, na bibi amezeeka, hata kumwogesha anamwogesha amekaa. Anachokula na anachovaa shuleni vinatoka kwenye kazi hii. Sasa kazi yenyewe unaifanya wewe. Mimi kila siku nakula jasho lako, na Jumamosi nitafukuzwa kwa sababu ya bidii yako."

Mama Trekta aliweka ndoo chini. Katika maisha yake aliwahi kuambiwa kwamba bidii yake itamuua, kwamba itamzeesha, kwamba inawatia aibu wake za watu. Hakuwahi kuambiwa kwamba inamnyang'anya mtoto chakula. Alisikia vibaya kama mtu aliyekanyaga kifaranga. Yeye, aliyelima mpaka kucha zikakatika ili wanawe wasome, amekaa miezi hii akiiweka rehani riziki ya mama mwenzake.

"Jumamosi nitakaa," akasema. "Kutwa nzima. Wakija mpaka wakiondoka."

Dada akageuka kumtazama kama anayesikia ng'ombe akiahidi kuruka, lakini akashukuru.

Kukaa nako ni ufundi. Mama Trekta aligundua hivyo siku iliyofuata, alipojaribu akajikuta amesimama bila kukumbuka amesimama saa ngapi. Ikabidi amwendee mtaalamu. Fundi aliupokea ualimu huo kwa furaha kubwa, maana katika ndoa yao ndefu hiyo ilikuwa mara ya kwanza mkewe kumwomba amfundishe kitu. Akatoa kiti chenye mikono, akakiweka karibu na mlango. Akamwambia aegemee. Mama akaegemea kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Akamwambia alegeze mabega. Mabega yakashuka, yakapanda tena yenyewe.

"Sasa usiangalie kitu," Fundi akasema.

"Nisiangalie kitu gani?"

"Chochote. Macho yaache tu mbele."

Mama akayaacha macho mbele, yakaona kuku anachakura mche wa nyanya, akawa ameshafika kwenye nyanya. Walirudia hivyo mpaka Fundi mwenyewe akachoka, akaenda kulala. Kabla hajalala alimpa siri ya mwisho ya fani yake: ukiona huwezi, shika mikono ya kiti, na usiachie.

Jumamosi ikafika. Gari lilipoingia uwanjani, likashusha Mkubwa, Mwalimu na mjukuu mmoja mwenye kamasi, Mama Trekta alikuwa kitini, amevaa gauni la kutokea, kikombe cha chai mkononi. Dada alikuwa anafagia uwanja ambao mama alikuwa ameshaufagia alfajiri, ila wakakubaliana wamwage majani juu yake kidogo ili kuwe na cha kufagia. Fundi alikuwa dirishani, hakutaka kupitwa.

Mkubwa alisimama akamtazama mama yake. Alikuwa amejitayarishia hotuba njia nzima, sasa hotuba haikuwa na pa kwenda. Akamwamkia. Mama akaitikia, akanyamaza. Hakusema umekonda, hakusema mbona hukuvaa kitu kizito na asubuhi kuna baridi, hakumwuliza kama amekula. Alikuwa ameogopa kwamba akifungua mdomo miguu nayo itafuata.

"Mama, umekaa," Mkubwa akasema.

"Nimekaa, mwanangu."

Mwalimu akasema vizuri sana, mama, hongera, kwa sauti ile anayotumia kuwapa wanafunzi vema. Akaingia jikoni kumsaidia Dada. Kutoka kitini Mama Trekta alimwona kupitia mlangoni akimenya viazi, na maganda yalikuwa manene kiasi kwamba yangeweza kupikwa yenyewe kama viazi vingine. Akashika mkono wa kiti. Mjukuu akapita, kamasi imefika mdomoni, akapita tena. Mama akashika mkono wa pili wa kiti, chai ikamwagikia gauni, hakuipangusa.

Dada alikuwa amebandika maharage. Lakini Mwalimu alimwita nje amwonyeshe alivyosafisha choo, kisha Mkubwa akamwita amwulize maswali ya ukaguzi: mama analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, anakula nini. Dada akajibu yote vizuri. Huku nyuma harufu ya maharage ikabadilika. Mama Trekta aliisikia ilipoanza tu, wakati bado ni harufu ya maharage yanayoomba maji kwa upole. Akaisikia ilipokuwa ya maharage yanayogombana na sufuria. Akatazama mbele, kama alivyofundishwa. Moshi ukatoka jikoni ukapita mbele ya macho yake.

Mwalimu akakimbia ndani, akatoka na sufuria nyeusi, akasimama nayo mbele ya mama yake. Alitazamia mvua ya maneno. Alikuwa hata ameinamisha kichwa kidogo, kama zamani.

"Yameungua, mama."

"Basi," mama akasema. "Ndiyo maharage."

Mwalimu akaiweka sufuria chini polepole, akaenda kumshika kaka yake mkono, wakasogea pembeni. Wakaanza kunong'ona. Mama hasikii harufu. Mama hakuniuliza kama nimekula. Mama ana chai kwenye gauni na hajui. Na wakati wananong'ona, ndama akakata kamba. Aliingia bustanini bila haraka, akaanza na mchicha, akaja kwenye vitunguu. Bustani ile Mama Trekta aliikuza kwa maji ya kubeba kichwani kiangazi kizima, na sasa alimtazama ndama akiing'oa mche kwa mche, na hakuinuka. Machozi yakamtoka yenyewe, yakashuka mashavuni. Aliwaza mtoto yule wa Dada anayeogeshwa na bibi aliyekaa, akakaza vidole kwenye kiti.

Mkubwa alipoyaona machozi, mambo yakaharibika.

"Kiharusi," akasema. "Mama amepooza."

Hapo hapakuwa na wa kumtuliza. Mwalimu akapiga magoti akaanza kumsugua mama miguu. Mkubwa akampigia simu muuguzi wa zahanati, akaja mbio na pikipiki na kifaa chake cha kupimia presha. Mama Trekta akapimwa kitini, ananyoosha mkono akiombwa, anatoa ulimi akiombwa. Muuguzi akapima mara mbili, akasema presha ni nzuri kuliko ya kwake yeye. Ulimi hauna kasoro, macho hayana kasoro. Asichokielewa ni kimoja tu, mbona mgonjwa ameng'ang'ania kiti namna ile. Dirishani Fundi alikuwa amejifunika uso kwa kipande cha kitambaa, na kitambaa kilikuwa kinatikisika. Watoto wakadhani naye analia.

Mkubwa akamgeukia Dada. Hakuwa mtu mbaya, lakini hofu ikimwingia mwanamume mwenye kitambi inatoka kama hasira. Akauliza amemfanya nini mama yake. Akauliza amemlisha nini, amemtisha kwa nini. Akasema waliacha mama mzima, anapanda mabanda, leo hawezi hata kufukuza ndama. Akasema kwamba yeye Dada afunge begi lake sasa hivi, na mama anapelekwa mjini leo, hospitali kwanza, kisha ghorofani, na hatarudi huku tena.

Dada akafungua mdomo wake mwepesi, akautazama uso wa Mama Trekta, akaufunga. Akisema mama haumwi, amekaa kwa makubaliano, itajulikana kwamba miezi yote hii mama amekuwa akifanya kazi. Asiposema, amemwua mama wa watu. Kote ni kufukuzwa. Akaingia ndani, na wote wakasikia zipu ya begi.

Sauti ya zipu ile ndiyo iliyomwinua Mama Trekta.

Aliinuka mzima mzima. Kwanza alimfuta mjukuu kamasi, kwa sababu alikuwa njiani. Kisha akaingia bustanini, akamkamata ndama sikio, akamfunga kwenye nguzo kwa fundo moja. Akarudi akiwa ameshikilia kitunguu kilichotafunwa nusu, akasimama mbele ya wanawe na muuguzi.

"Kaeni chini," akasema.

Hakukuwa na viti, wakakaa chini kweli. Hata muuguzi alikaa.

"Mimi siumwi. Nilikaa kwa sababu mlisema mtamfukuza huyu mkinikuta nimesimama. Sasa nimekaa, mnamfukuza kwa sababu nimekaa. Niambieni ninyi mliosoma, mimi nikae vipi?"

Mwalimu akasema, mama, sisi tulitaka upumzike.

"Nimepumzika leo. Tangu nizaliwe sijachoka namna hii." Akakitazama kitunguu chake, hasira ikampungua kidogo. "Kazi alikuwa hafanyi, ni kweli. Nilikuwa namnyima. Kosa hilo ni langu, si lake. Lakini sikilizeni. Mlidhani nimepungukiwa mikono, mkaniletea mikono. Mikono ninayo. Ninyi mnakuja mara moja, mnashuka kwenye gari, mnanikagua kama saruji, mnaondoka. Huyu tangu aje nina mtu wa kugombana naye jioni. Nimecheka mpaka baba yenu akafikiri nimepagawa. Mkimtoa huyu nyumbani mwangu, na ghorofani siendi, mnanirudisha kumenya maharage peke yangu na baba yenu na cherehani yake. Hapo ndipo nitakapokufa, na sitateleza popote."

Mkubwa alikuwa ameinamia magoti yake. Alipoinua uso alikuwa mtoto tena, pamoja na kitambi chake.

"Nilikuona umeanguka, mama," akasema. "Silali tangu siku ile. Nikiona simu yako inaita naogopa kuipokea."

Muda wote ule Mama Trekta alikuwa amedhani mwanawe anataka kumtawala, kumbe anaogopa tu. Akamwekea mkono kichwani, mkono wenye udongo, akauacha hapo. Akasema hatapanda tena juu ya banda. Mkubwa akauliza kama anaapa. Mama akasema ataapa, lakini bati bado halijakazwa, kwa hiyo apande yeye Mkubwa kabla ya kurudi mjini, na misumari atampa. Fundi kule dirishani akashindwa kujizuia, akacheka kwa sauti, na ndipo watoto walipojua kwamba baba yao hakuwa analia.

Dada alitoka na begi lake, akasimama mlangoni, hajui kinachoendelea. Mkubwa akainuka, akamwomba radhi. Hakuwa hodari wa kuomba radhi na aliirefusha zaidi ya inavyohitajika, akataja hata hali ya barabara. Dada akasema yamekwisha, kaka, lakini begi hakuliweka chini.

"Binti," Mama Trekta akamwita. "Mtoto wako anaitika haraka akiitwa, au ni wa kuitwa mara tatu?"

Dada akasema anaitika haraka.

"Basi mlete. Na bibi yako mwenye meno mlete naye akitaka, aje aniambie mwenyewe hayo mambo ya chumvi. Vyumba vya hawa viko wazi, vinalala panya. Nitamwogesha mimi huyo mtoto, na nitamwogesha nimesimama."

Yule aliyekuwa na jibu la kila kitu, kuanzia viroboto mpaka paka, alitazama huku na huku akitafuta pa kuficha uso, akaiona sufuria ya maharage pale chini, nyeusi tii. Akaliacha begi, akachuchumaa, akachukua jivu, akaanza kuisugua kwa nguvu zake zote huku machozi yakidondokea ndani.

Mama Trekta alinyoosha mkono kumnyang'anya sufuria. Ulifika katikati, ukasimama. Kila mtu aliuona umesimama. Mama akavuta kigoda, akakaa karibu na Dada, akasogeza ndoo ya maji miguuni pake.

"Haya, sugua wewe," akasema. "Mimi nitasuuza."